Kutazama mchoro wa mpanda farasi wenye fumbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mchoro wenye fumbo ni upi hasa?

Ni ule unaokuonyesha kitu cha kawaida kabisa, mtu juu ya farasi, kisha unakuacha ukihisi kuna jambo jingine linaendelea ambalo hukuambiwa. Pengine jambo hilo ni la dini: mtakatifu anaua joka, mauti yanapita, mtume anapaa mbinguni. Pengine halina jina lolote. Kijana anapita mbele ya mlima wenye giza, basi, lakini ukishamwona hatoki kichwani.

Picha nyingi za wapanda farasi hazina fumbo hata chembe. Mfalme aliyechorwa juu ya farasi aliyenona, kifua mbele, fimbo ya utawala mkononi, anataka umjue ni nani na usimchezee. Picha ya namna hiyo inakujibu kabla hujauliza. Tunazozungumzia hapa zinakunyima jibu, na zinakunyima kwa makusudi.

Kwa nini mpanda farasi, na si mtu anayetembea kwa miguu?

Kwa sababu mpanda farasi ni viumbe wawili wenye nia mbili. Mchoraji akishawaweka pamoja, maswali yanazuka yenyewe: nani anamwongoza mwenzake? Wote wawili wanatazama upande mmoja? Hatamu imekazwa au imelegea? Mtu anayetembea peke yake hana mvutano huo.

Tena farasi anamwinua mtu. Hayuko chini pamoja na sisi, hayuko juu pamoja na ndege. Wachoraji wa dini walilijua hilo mapema sana.

Nikisimama mbele ya mchoro kama huo, nianzie wapi?

Anzia kwenye hatamu. Wengi huanzia usoni, na uso ndio unaodanganya kuliko vyote. Fuata mkono unaoshika hatamu mpaka kwenye lijamu mdomoni mwa farasi, kisha tazama shingo ya farasi, masikio yake, halafu miguu. Ukimaliza hapo ndipo upande juu kwa mtu.

Chukua mchoro unaoitwa "Mpanda Farasi wa Poland", wa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, wa mwaka 1655 hivi, ulioko katika makumbusho ya Frick Collection jijini New York. Ukianza na uso utaona kijana mzuri, mtulivu, kofia yenye manyoya kichwani, macho yakitazama mbali kupita bega lako. Utasema: kijana jasiri anakwenda vitani. Sasa shuka kwa farasi. Ni mkondefu. Mifupa ya kichwa inaonekana, miguu ni myembamba, rangi yake ni kijivu cha majivu. Si farasi ambaye kijana mwenye silaha zote zile angejichagulia: ana podo lililojaa mishale, upinde, upanga, na nyundo ya kivita ambayo mkono wake wa kulia umeishika huku umeegemea kiuno. Nyuma yao ni kilima cheusi chenye jengo kama ngome juu yake, na kwa mbali, upande wa kulia, kuna kimwanga kidogo karibu na maji.

Hapo tayari una fumbo lote mikononi, na hujafungua kitabu chochote. Kijana amejaa uhai, farasi anafanana na kifo, na wote wawili wanaelekea upande mmoja bila wasiwasi. Hiyo kutokuwa na wasiwasi ndiyo inayonishika mimi kila nikiirudia.

Huyo kijana wa Rembrandt ni nani?

Wamesema mengi. Wapo wanaosema ni mtu wa ukoo wa Ogiński, ukoo mkubwa wa Lithuania na Poland. Wapo wanaosema ni mwana mpotevu anaondoka nyumbani, wengine Daudi kijana, wengine Timur mshindi wa Asia ya Kati. Mwaka 1944 mtaalamu Julius Held aliandika kwamba huyu ni askari wa Kikristo kwa jumla, asiye mtu fulani mwenye jina. Mimi naelekea huko kwa Held, ingawa neno "Kikristo" silazimishi.

Safari ya picha yenyewe nayo ina vituko. Mwaka 1791 Michał Kazimierz Ogiński alimpelekea mfalme wa Poland, Stanisław August Poniatowski, na katika barua yake alimwita mpanda farasi huyo Mkozaki, yaani askari mpanda farasi wa nyika za Ulaya Mashariki, akaongeza kwa utani kwamba anatarajia kulipwa miti ya michungwa. Karibu na mwisho wa karne ya 19 picha ilikuwa kwa ukoo wa Tarnowski, na ni huko mtaalamu wa sanaa Abraham Bredius alipoiona akatangaza kuwa ni ya Rembrandt. Tajiri wa Marekani Henry Clay Frick, ambaye makumbusho yale yana jina lake, akainunua mwaka 1910.

Halafu katika miaka ya 1980 wataalamu waliokuwa wakichunguza kazi zote za Rembrandt wakatia shaka: je, si ya mwanafunzi wake Willem Drost? Mzozo ukawa mkubwa. Leo walio wengi wameirudisha kwa Rembrandt, wengine wakidhani baadhi ya sehemu zilimaliziwa na mkono mwingine. Unajua ni nini hakikubadilika muda wote huo? Farasi alibaki mkondefu na kijana akabaki mtulivu. Jina la mchoraji linapandisha bei ya picha. Ulichokiona kwa macho yako kinabaki vilevile.

Rangi ya farasi ina maana gani?

Ina maana pale mchoraji alipofuata maandiko au mila inayojulikana. Katika Ufunuo sura ya 6 wanatoka farasi wanne: mweupe, mwekundu, mweusi na wa kijivujivu, na aliyempanda huyo wa mwisho anaitwa Mauti. Mchoraji wa Ulaya akikuchorea farasi wa rangi ya ugonjwa, alijua kwamba watazamaji wake wangeikumbuka sura hiyo. Katika michoro ya makanisa ya Ethiopia, Mtakatifu Giorgis hupanda farasi mweupe, na Mtakatifu Merkurios hupanda mweusi. Huyo mweusi hana ubaya wowote: ni farasi wa mtakatifu. Kwa hiyo kanuni ya "mweupe mwema, mweusi mwovu" inavunjika mara moja.

Wachoraji Kandinsky, Mrusi, na Franz Marc, Mjerumani, walikwenda njia nyingine. Walipoanzisha kundi lao la Der Blaue Reiter, yaani Mpanda Farasi wa Buluu, mjini Munich mwaka 1911, hawakuwa wanafuata kitabu kitakatifu. Kandinsky alieleza baadaye kwamba jina lilizaliwa wakinywa kahawa kijijini Sindelsdorf: wote wawili walipenda buluu, Marc alipenda farasi, yeye Kandinsky alipenda wapanda farasi. Lakini pia aliamini kwamba buluu ikizidi kukolea humvuta mtu kuelekea yasiyo na mwisho. Utani wa kahawa na imani nzito vilikaa meza moja.

Ushauri wangu: kabla ya kuuliza rangi inamaanisha nini, uliza inafanya nini hapo ilipo. Inasogea mbele au inarudi nyuma? Imerudiwa kwingine katika picha? Farasi mweupe gizani ni taa ya picha nzima, hata kama hakuna andiko lolote nyuma yake.

Je, ni lazima nijue Biblia, Kurani au hekaya za zamani?

Si lazima ili uguswe. Ni lazima ili usipotoshe.

Mfano mzuri ni picha ya Miraji, safari ya Mtume kupaa mbinguni, iliyomo katika nakala ya mashairi ya Nizami, mshairi wa Kiajemi, iliyotengenezwa Tabriz kati ya 1539 na 1543 kwa ajili ya Shah Tahmasp, mfalme wa Uajemi, na ambayo sasa iko British Library, London. Inahusishwa na mchoraji Sultan Muhammad. Mtume Muhammad (S.A.W.) amempanda Buraki mwenye uso wa mwanadamu, miali ya dhahabu imewazunguka, malaika wamejaa angani, mawingu meupe yamejikunja chini yao. Mtu asiyejua habari ataona farasi wa ajabu tu. Anayejua kwamba Kurani inaitaja safari ya usiku katika Surat al-Israa, na kwamba jina la Buraki linatoka katika hadithi, ataelewa kwa nini mchoraji amempa kila malaika kazi ya kufanya.

Na kitu kimoja hapo kinaonekana hata bila elimu: uso wa Mtume umefunikwa kwa kitambaa cheupe. Waislamu wengi hawapendi picha za namna hii kabisa, na msimamo huo una mizizi mirefu. Mchoraji wa Tabriz naye, ndani ya mila yake, aliweka kitambaa pale ambapo jicho lingetaka kufika. Katikati ya dhahabu yote ile, mahali penye nguvu kuliko pote hapakuchorwa kitu.

Mbona watakatifu wa Ethiopia wana macho makubwa na miguu mitupu?

Macho: ni mila ya uchoraji wao. Wema huonyeshwa nyuso zao zikitukabili, macho yote mawili yakionekana. Waovu huchorwa kwa upande, jicho moja tu. Ukishalijua hili unaweza kuisoma picha iliyojaa watu ndani ya sekunde chache.

Miguu: tazama kwa karibu chini ya tandiko. Mpanda farasi hakuingiza mguu mzima kwenye kikuku kama wapandaji wa Ulaya. Ameshika pete ndogo kwa kidole gumba cha mguu, kwa sababu wapanda farasi wa Ethiopia walipanda hivyo kweli. Mtakatifu aliyeua joka katika hekaya amepewa mguu wa mtu ambaye mchoraji alimwona akipita. Maelezo madogo ya aina hii hunipa furaha kuliko joka lenyewe.

Mbona miguu ya farasi imekaa vibaya? Mchoraji hakujua kuchora?

Alijua. Hakuna aliyeweza kuona. Farasi akipiga shoti, miguu inakwenda kasi kuliko jicho. Kwa karne nyingi wachoraji walimchora amenyoosha miguu yote minne, ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, kama alivyofanya mchoraji Mfaransa Géricault mwaka 1821 katika picha ya mbio za farasi za Epsom, Uingereza, iliyoko katika makumbusho ya Louvre, Paris. Mwaka 1878 mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera mfululizo kando ya njia huko California, akaonyesha kwamba farasi anapoacha ardhi kabisa, miguu yake imekusanyika chini ya tumbo.

Kwa michoro ya fumbo hili halina uzito sana. Farasi aliyenyooka hewani haendi popote, anaelea. Pengine hicho ndicho kilichotakiwa.

Picha nyingine zina giza mpaka sioni kitu. Ni kosa langu?

Inategemea. Kuna giza la mchoraji, na kuna giza la miaka. Vanishi, yaani tabaka linalong'aa linalopakwa juu ya picha kuilinda, huzeeka ikawa njano, kisha kahawia, na picha iliyochorwa mchana ikaonekana ya magharibi. Wahifadhi wa makumbusho wanaweza kuiondoa vanishi hiyo.

Kuna giza la tatu ambalo haliondoki, na mfano wake mkubwa ni Albert Pinkham Ryder, mchoraji Mmarekani aliyefariki mwaka 1917. Ryder alikaa na picha moja miaka na miaka. Alipaka tabaka juu ya tabaka kabla la chini halijakauka, akachanganya rangi na lami, vanishi na nta. Tabaka hizo zilikauka kwa mwendo tofauti, moja ikivuta nyingine. Matokeo yake ni nyufa pana, sehemu zilizojikunja, na weusi unaoongezeka kadiri miaka inavyopita. Hakuna mhifadhi anayeweza kuirudisha ilivyokuwa, kwa sababu ugonjwa umo ndani ya rangi yenyewe.

Kazi yake inayotuhusu hapa iko Cleveland Museum of Art, na huitwa "Uwanja wa Mbio", au "Mauti Juu ya Farasi wa Kijivujivu". Ryder mwenyewe alisimulia chanzo chake. Mhudumu mmoja wa hotelini aliyekuwa akifahamiana naye aliweka akiba yake yote, dola 500, kwenye farasi katika mbio za mwaka 1888. Farasi akashindwa. Mtu yule akajiua.

Ryder hakumchora mhudumu, wala umati, wala farasi aliyeshinda. Alichora uwanja mtupu, ua wa mbao, mti uliokauka, nyoka mkubwa mbele, na kiunzi cha mifupa juu ya farasi kimeshika mundu mrefu, kinakimbia peke yake. Na kinakimbia kinyume na mwelekeo wa mbio za Marekani. Hakuna anayeshindana naye. Hakuna mahali pa kumalizia, kwa kuwa uwanja ni duara.

Sasa ongeza na zile nyufa. Ryder hakuzipanga, lakini ukiitazama picha hiyo leo huwezi kuzitenga na mandhari. Wapo wanaosikitika kwamba hatuoni alichokiona yeye. Nakubaliana nao nusu. Nusu nyingine naona kwamba picha ya mauti inayozeeka na kufa yenyewe polepole si jambo la kusikitikia tu.

Je, kila ninachokiona mchoraji alikikusudia?

Hapana, na haidhuru, mradi kiko ndani ya picha.

Mwaka 1903 Kandinsky alichora mtu mdogo aliyevaa joho la buluu, juu ya farasi mweupe anayekwenda mbio kwenye uwanda wa kijani. Ukisogea, utaona doa mbele ya kifua cha mpanda farasi. Wengine wanasema ni mtoto amebebwa. Wengine wanasema ni kivuli tu au mkunjo wa joho. Brashi imepita haraka mno kuamua. Anayeona mtoto anaona picha ya kukimbiza maisha ya mtu, na asiyemwona anaona matembezi ya kasi. Kwangu mimi huo ni uhuru halali wa mtazamaji, kwa kuwa doa lipo. Lakini mtu akiniambia kilima kile ni uso wa bibi yake, nitamheshimu, sitamfuata.

Mchoro wa Magritte, yule Mbelgiji, wenye farasi aliyekatwa vipande na miti: ni fumbo au mchezo tu?

Vyote viwili. "Le Blanc-Seing", wa mwaka 1965, uko National Gallery of Art, Washington. Mwanamke anapita msituni juu ya farasi. Kila kitu kimechorwa safi kama bango la duka, hakuna ukungu wala mwezi. Ila mti ulio nyuma unapita mbele ya farasi, na pengo lililo kati ya miti miwili linameza kipande cha mwili wake. Magritte alieleza kwamba mtu akipita msituni juu ya farasi mara tunamwona, mara hatumwoni, lakini tunajua yupo. Yeye alichora huko kujua.

Naipendekeza kwa wanaodhani fumbo lazima liwe na giza. Ifuatilie kwa kidole, mti mmoja baada ya mwingine, uone utapotelea wapi.

Nimeona picha hizi kwenye simu tu. Inatosha?

Kwa kuanzia, ndiyo. Kioo cha simu kinakuruhusu kukuza sehemu moja mpaka uone nyuzi za kanvasi, na makumbusho mengi makubwa yameweka picha za ubora wa juu mtandaoni bila malipo.

Unachokosa ni ukubwa. Simu inazifanya picha zote kuwa sawa. Mpanda farasi wa Rembrandt ana upana wa zaidi ya mita moja na robo, anapita mbele yako akiwa mtu kweli. Kinyume chake, "Shujaa, Mauti na Shetani" ya Albrecht Dürer, msanii Mjerumani, mchoro aliouchonga kwenye bamba la shaba mwaka 1513, ina urefu wa sentimita 25 hivi. Uliundwa ushikwe mkononi, usogezwe karibu na uso. Humo Mauti ana shisha ya mchanga ya kupimia muda mkononi, Shetani yuko nyuma na pembe yake, fuvu liko chini, mbwa anakimbia kando, na mpanda farasi hamtazami yeyote kati yao. Ukiukuza mchoro huo ukutani kwa projekta, unaharibu siri iliyokuwa kati yako na karatasi.

Kwa hiyo, kabla ya kutazama picha kwenye kioo, soma vipimo vyake, kisha vipime ukutani kwa mikono.

Nikae mbele yake muda gani?

Mpaka uchoke mara moja, kisha ukae kidogo tena. Mambo mengi huonekana baada ya ule uchovu wa kwanza.

Nikiwa sihisi chochote?

Ondoka, nenda nyingine. Mimi mwenyewe wapanda farasi wa Ufunuo waliochorwa kwa kelele nyingi, moto huku, mafuvu kule, farasi wote wametoa macho, hawanigusi. Wengi wanawapenda, na wana sababu zao.

Mtu akiniuliza picha inamaanisha nini, nijibuje?

Usimpe maana, mpe unachokiona. Mwambie: tazama, kijana ana silaha zote, lakini farasi wake hana nyama. Tazama, anakimbia mbio ambazo hana mpinzani. Tazama, uso umefunikwa. Atakaa kimya kidogo kisha ataanza kukuonyesha vitu ambavyo wewe hukuviona, na mazungumzo yatakuwa yameshaanza. Akisisitiza kutaka jibu moja, mwelekeze kwenye kibao kilicho kando ya fremu. Hapo atapata jina, mwaka na aina ya rangi.